Akala ya Mguu wa Kushoto

Mwaka 1984 mvua ilikataa kunyesha, na mahindi tuliyokula yalitoka Marekani. Yalikuwa ya manjano. Kwetu, chini ya vilima vya Homa, upande ule unaotazama Ghuba ya Winam, hakuna aliyekuwa amezoea ugali wa rangi hiyo. Wadogo zangu waliumega kwa ncha za vidole, wakaunusa, wakasema ni chakula cha kuku. Bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa Kiluo tulimwita Dani, aliusogeza tena mbele yao bila kusema neno, akakaa palepale mpaka sahani zikawa tupu.

Mwaka huohuo, kutoka nchi hiyohiyo, kilinifikia kisa kimoja ambacho nimekuwa nikikitafuna tangu siku hiyo. Nataka kueleza jinsi kilivyonifikia, na jambo nililomtendea mtu kabla sijakisikia chote.

Homa Bay na Migori zilikuwa bado wilaya moja, South Nyanza, na sisi tulikuwa Wasabato. Katika sehemu zetu Usabato ulirithiwa kama shamba. Mwaka 1906 mmisionari kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alifika pamoja na Peter Nyambo, mwana wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, wakaanzisha misheni kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Kiluo, akaandika sarufi yake, na mtambo wa kuchapa vitabu ukawekwa Gendia. Dani alijifunza kusoma kwa vijitabu vya mtambo huo. Kimoja alikuwa nacho bado. Jalada lilikuwa limeng'oka, naye akakifunga kwa kipande cha khanga na kukiweka chini ya mto.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa jua likianza kuelekea ziwani, nyumba nzima ilikimbizana: maji yamejazwa, kuni zimepasuliwa, nguo zimepigwa pasi ya makaa. Jua likizama, kazi ilikoma na wimbo ukaanza. Niliupenda utaratibu huo, na ninaupenda hata sasa. Ila ulikuwa umenifundisha jambo moja ambalo hakuna aliyekusudia kunifundisha: kwamba wema una ua, kama ua wa minyaa uliozunguka boma letu, na kwamba sisi tulikuwa ndani ya ua huo na wengine walikuwa nje.

Nje ya ua, ng'ambo ya kijito kilichokauka mwaka ule, aliishi mjane. Tulimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, kama wanavyoitwa wanawake walioolewa katika nchi ya Waluo. Alikuwa mfuasi wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa hukuhuku South Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walipowaongoza watu wengi kutoka Kanisa Katoliki. Wafuasi wake huvaa kanzu, hushika rozari, huchanganya Kiluo na Kilatini katika ibada, na huombea wagonjwa na waliopagawa. Mlima wao mtakatifu ni Got Kwer, Migori. Yule mjane alikesha akiomba. Usiku wa manane ungeweza kuona mshumaa wake ukitoka mlangoni, ukizunguka nyumba polepole, ukirudi ndani.

Mtu anayeonekana nje usiku katika nchi yetu ana jina lake. Huitwa jajuok. Si lazima awe anaua. Husemwa kwamba hukimbia uchi gizani, hurusha mchanga na changarawe juu ya mapaa, hugonga milango kwa mgongo, halafu hutoweka. Kinachotisha kwake ni mchana wake. Mchana ni mtu kama wewe. Anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa yule anayeomba sala ndefu kuliko wote kanisani. Tangu utotoni nilisikia watu wazima wakihesabu majina kwa sauti ya chini, na nilijifunza kumtazama kila jirani mara mbili.

Mwaka ule wa njaa surua ilipita kijijini na mtoto mmoja akafa. Nyumba yao ilikuwa jirani na ya mjane. Siku ya tatu baada ya mazishi maneno yakaanza kwenye foleni ya maji. Hakuna aliyetaja jina. Mtu aliinua tu kidevu kuelekea ng'ambo ya kijito. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, inamkataza mtu kumtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi, lakini kidevu kilichoinuliwa hakipelekwi mahakamani.

Nilikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya harambee: madarasa manne ya matofali, madirisha bila vioo, upepo wa ziwa ukigeuza kurasa kabla hujamaliza kusoma. Mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza alikuwa kijana aliyemaliza chuo kikuu Nairobi. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo alisoma yeye, sisi tukasikiliza, naye akatua kila baada ya ukurasa kutufafanulia. Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, alifungua kitabu kikubwa cha hadithi fupi za Kimarekani, akaanza kusoma kisa cha Nathaniel Hawthorne kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1835: kisa cha kijana Goodman Brown wa kijiji cha Salem.

Brown anaagana na mkewe mlangoni jua linapotua. Mke ni mchanga, kofia yake ina tepe za waridi, na anamsihi mumewe asiende usiku huo. Jina lake ni Faith. Mwalimu alishusha kitabu akatuambia, "Kwa Kiswahili tungemwita Imani. Sasa sikilizeni: amemwacha Imani mlangoni, anaingia msituni."

Msituni Brown anakutana na msafiri mwenye fimbo inayofanana na nyoka. Wanatembea pamoja. Mbele yao anatokea bibi kizee wa kanisa, yuleyule aliyemfundisha Brown katekisimu utotoni, na anazungumza na yule msafiri kama rafiki wa zamani. Kisha wanapita mchungaji na shemasi, wakiharakisha kuuwahi mkutano wa usiku. Kisha, kutoka juu, utepe wa waridi unaelea na kunasa kwenye tawi. Brown anaushika. Anaamini kwamba mkewe naye amepotea, na anakimbia kichaa kuelekea moto unaowaka katikati ya msitu, ambako kijiji kizima, watakatifu na walevi, kimekusanyika kumwabudu Ibilisi.

Hapo kengele ya kufunga shule ikalia. Mwalimu akafunga kitabu, akasema tungemalizia Jumatatu.

Sijui kama niliwahi kusikiliza kitu kwa moyo mmoja namna ile. Darasa zima tulitoka tukiwa kimya. Hakuna aliyehitaji kuelezwa msitu ule. Tulimjua bibi kizee yule na tulimjua shemasi. Mwandishi wa mbali, aliyekufa zaidi ya miaka mia moja kabla ya sisi kukaa kwenye madawati yale, alikuwa ameandika juu ya jajuok. Njiani kwenda nyumbani mmoja wetu akasema, "Kumbe hata Wazungu wanajua," na sote tukaelewa nini kilikuwa kimethibitishwa. Tulikuwa na nusu ya hadithi mikononi, tukaichukua kama ushahidi.

Jumamosi, Sabato ilipokwisha na giza kuingia, tulikuwa vijana watano. Sikusukumwa. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia nilifuata wenzangu. Nilitangulia. Tulivuka kijito, tukapita shamba la mtama uliokauka, mashina yake yamekatwa kwa mshazari, na tukaokota changarawe mkononi na mawe mfukoni. Mshumaa ulikuwa ndani. Tulisikia sauti yake akisali. Tulirusha mawe juu ya bati. Katika usiku usio na upepo, mawe juu ya bati hulia kama nyumba inavunjika. Sala ikakatika. Mshumaa ukazimwa. Mwanamke aliyekuwa peke yake katika chumba kimoja hakupiga kelele, na ukimya huo ndio uliotutia hofu, tukageuka tukakimbia.

Akala yangu ya mguu wa kushoto ilikatika ukanda uani kwake. Niliiacha. Ndani ya shamba la mtama kisiki kimoja kiliingia kwenye unyayo, nikaanguka, nikainuka, nikaendelea kukimbia huku nahisi joto la damu kati ya vidole. Nililala na mguu umefungwa kwa kipande cha shuka. Sikumwambia mtu.

Alfajiri ya Jumapili Dani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango wake, kama kawaida. Nilimkuta amesimama kizingitini akitazama chini. Pale kwenye udongo uliofagiwa kulikuwa na akala moja. Ilikuwa imeoshwa. Ukanda uliokatika ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, mishono midogo iliyokazwa vizuri, na ncha za uzi zimechomwa kwa moto zisifumuke. Kila mtu pale nyumbani alijua akala zangu. Zilichongwa kutoka tairi la trekta na zilikuwa nene kuliko za wengine.

Dani alinitazama mguu. Kisha aliinama, akaokota akala, akanipa. Hakuuliza chochote mchana kutwa.

Usiku alituita wote kwenye nyumba yake, siwindhe, mahali ambapo wajukuu husikiliza sigana. Mimi nilikuwa nimeshajiona mkubwa wa kutosha kutohudhuria. Alinitaja kwa jina, nikaenda. Alisimulia habari ya Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lililo karibu na Kendu Bay, lenye maji ya magadi, rangi ya kijani. Kila mtoto wa kwetu anaijua. Zamani palikuwa na kijiji. Jioni moja ya ngoma na pombe alikuja bibi kizee amechoka, akaomba mahali pa kuota moto. Mlango wa kwanza ukamfukuza, wa pili ukamcheka. Mwanamke mmoja tu alimpokea na kumpa chakula. Bibi kizee akamwambia achukue walio wake waondoke. Walipofika mbali, mvua ikashuka, na kijiji kikazama na ngoma zake.

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, na siku zote nilijiona nipo pamoja na yule mwanamke mwema, tukipanda mlima, tukitazama maji nyuma yetu. Dani alipomaliza, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema, "Nyakwara, mjukuu wangu, wale waliozama walidhani wao ndio kijiji, na yule bibi ndiye hatari." Akapuliza taa.

Jumatatu mwalimu alifungua kitabu palepale alipoachia. Brown yupo mbele ya moto. Mkewe naye ameletwa. Brown anamlilia mkewe ainue macho kuelekea mbinguni, ampinge mwovu. Ghafla yupo peke yake, usiku umetulia, mwamba una baridi, tawi lililokuwa likiwaka linadondosha umande. Asubuhi anarudi kijijini. Mchungaji anambariki, naye anajikunja kando. Yule bibi kizee anamfundisha mtoto wa kike katekisimu, naye anamnyakua mtoto kana kwamba anamtoa mikononi mwa shetani. Mkewe anamwona, anamkimbilia kwa furaha, tepe zake za waridi zipo kichwani, naye anamtazama usoni kwa ukali na huzuni, anapita bila salamu.

Hivyo ndivyo anavyoishi mpaka uzeeni. Siku ya Sabato watu wakiimba, hasikii zaburi, anasikia dhambi. Usiku anashtuka na kujitenga na mkewe kitandani. Anakufa katika kiza, na hakuna neno la tumaini linaloandikwa juu ya kaburi lake.

Mwalimu aliuliza, "Je, Brown aliyaona yale, au aliota?" Tukabishana. Mwandishi hasemi. Kisha akauliza swali la pili: "Haya, tuseme aliota. Baada ya asubuhi ile, nani katika kijiji kile alimtendea mtu ubaya tulioushuhudia kwa macho?" Darasa likanyamaza. Alikuwa mmoja tu.

Kisha alitueleza jambo ambalo halimo katika hadithi. Salem ni mahali pa kweli. Mwaka 1692 watu walishtakiwa pale kwa uchawi, 19 wakanyongwa, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Walioshtaki walikuwa watu wa Biblia, na wengi wa walioshtakiwa pia. Miongoni mwa mahakimu alikuwamo John Hathorne, babu wa kale wa mwandishi. Hawthorne alizaliwa mjini Salem akiwa amebeba aibu hiyo. Nilikuwa nimekunja mguu wa kushoto chini ya dawati. Kidonda kilikuwa kinapwita.

Nilielewa pale kwamba usiku ule, katika kijiji chetu, kulikuwa na watu waliokimbia gizani, waliorusha changarawe juu ya paa la mtu aliyekuwa akisali, na waliotoweka kabla ya kujulikana. Walikuwa watano. Mmoja alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa.

Sikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa na aibu, na aibu isiyosemwa huzeeka haraka ikawa mazoea. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata mjane alifunga virago, akaenda Migori. Watu walisema ameshinda njaa kwa kwenda kwa ndugu zake wa imani. Bati lake lilikuwa na mabonde madogo mahali ambapo mawe yalitua. Kila nilipopita niliyaona.

Nilikuja kuwa mwalimu mimi mwenyewe, na kila mwaka nimefundisha kisa cha Brown. Huanza na "Tekayo" ya Grace Ogot, kutoka mkusanyiko wake wa mwaka 1968, ili wanafunzi waone kwamba mwana wa Nyanza naye aliandika juu ya ubaya unaokaa ndani ya babu mpendwa, kando ya moto wa familia. Ogot alilelewa na Biblia ya baba yake mwalimu na sigana za bibi yake kwa pamoja, kama mimi. Baadaye niliongeza hadithi ya Flannery O'Connor, Mkatoliki wa jimbo la Georgia aliyefariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Katika hadithi yake ya mwaka huo wa mwisho, mke wa mkulima, mcha Mungu, safi, mwenye adabu, ameketi chumba cha kumsubiri daktari akiwapanga watu wote kichwani mwake, nani juu na nani chini, na kumshukuru Yesu kwa kumweka alipomweka. Binti mmoja anamtupia kitabu usoni. Jioni, kwenye zizi la nguruwe, anaona angani daraja la moto na umati ukielekea mbinguni: waliodharauliwa wametangulia wakirukaruka na kupiga makofi, na watu kama yeye wako nyuma kabisa, hata wema wao wanaojivunia ukiteketezwa.

Niliposoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikatoka nje. Niliwaona waliotangulia wamevaa kanzu na kushika rozari.

Mwaka 1991 nilikuwa nimepelekwa kufundisha Migori. Ni mwaka aliofariki Simeo Ondeto, akazikwa Got Kwer, na barabara zilijaa kanzu za kila rangi. Niliwatazama wakipita na nikajua kwamba nimechelewa vya kutosha. Nilianza kuuliza. Kwa kuwa wanawake wa kwetu huitwa kwa kwao, jina lake lilitosha. Juma la tatu mwanafunzi wangu mmoja akanionyesha nyumba.

Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Nilisimama mlangoni nikataja jina la baba yangu. Aliniambia niingie. Alimtuma mtoto akalete kiti, kisha akanipakulia nyoyo, mahindi na maharagwe, kwenye bakuli la bluu la bati, akakaa kwenye mkeka na kunisubiri nile. Aliuliza habari za Dani. Nilimwambia tulimzika miaka miwili iliyopita. Akafanya ishara ya msalaba na kumwombea kwa muda, midomo ikisogea bila sauti.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa nimeyarudia njiani, yakiwa na mwanzo na mwisho, kama somo. Niliweka bakuli chini na kusema, "Mama, mwaka ule wa njaa, kuna usiku mmoja..."

Aliinua mkono, akaushusha. Alinitazama miguu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi.

"Asubuhi ile nilifuata damu kwenye mtama mpaka kijitoni," alisema. "Nikasema, huyu mtoto atapata pepopunda. Ule mguu ulipona?"

Nilivua kiatu cha kushoto, nikavua na soksi, nikamwonyesha kovu.